Raketi Niliyoisalimia kwa Mikono Miwili

Kwetu Mitunguu, mkono wa msichana ulizoea panga kabla ya kalamu. Kwa hiyo mwalimu wetu mgeni, mama mmoja kutoka Kisumu, alipoleta raketi zake mbili za badminton shuleni, niliikamata moja kama panga la kukatia ndizi. Nikapiga, na kile kipira cha manyoya cha mchezo huo kikaruka ua wa shule.

"Usiikabe hivyo," mwalimu akasema. "Ishike vile unashika mkono wa mtu ukimsalimia."

Basi nikaisalimia. Mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto ukishika kifundo cha ule wa kulia, na magoti nikayakunja kidogo, jinsi tulivyofundishwa kusalimia watu wazima. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Si nyanya yako huyo!" mwalimu akasema, naye akicheka. "Ni rafiki yako tu. Mkono mmoja, vidole vilegee, ukaze tu ukipiga."

Nilijifunza. Muhula mzima nilibaki uwanjani baada ya masomo, nikawa nawashinda hata wavulana. Shule yetu ingepeleka msichana mmoja kwenye mashindano Embu, na mimi sikutaka kitu kingine duniani ila kuwa msichana huyo.

Siku ya kuchagua, mwalimu mkuu, mchungaji na wazee wa kamati ya shule walikaa kando ya wavu. Heshima si utumwa, husema Waswahili; waliosema hawakuniona siku hiyo. Kila nilipowatupia macho wale wazee, mkono wa kushoto ulipanda wenyewe ukashika kifundo. Nikashindwa na msichana niliyekuwa nikimshinda kila jioni.

Mwalimu akanivuta kando. "Najua unaweza. Nikiwaomba, watakubali mrudie. Unataka?"

Nilitaka sana. Lakini nyumbani kwetu mgeni akikaribishwa chakula hukataa kwanza, halafu huombwa tena ndipo akubali. Anayerukia mara ya kwanza huonekana mlafi. Nikatazama chini nikasema, "Hapana, mwalimu, ni sawa tu."

Jibu hilo nalijutia mpaka leo.

Nikangoja aniulize tena. Yeye kwao hapana ilikuwa hapana. Akanipigapiga begani, akaenda kuwaambia wazee wamchukue mwenzangu.