Siku Niliyoelea Mbele ya Wakwe

Nianze na aibu yenyewe, asije mwingine akawasimulia akaongeza chumvi: mimi Saidi, muuza vyombo vilivyotumika soko la Jabe, nimewahi kuelea juu ya maji ya ziwa Tanganyika makalio yakitazama mbinguni, na watu thelathini na mmoja wakiniangalia kutoka mchangani (niliwahesabu kabla ya kuingia, nikarudia nikiwa majini, hakuna aliyekuwa ameondoka).

Yote yalitoka kwenye sentensi moja. Ilikuwa wakati wa vita, miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, nikaenda Nyakabiga kujitambulisha kwa Mzee Rajabu, mwenye boti, baba yake Zaina, msichana niliyetaka kumuoa. Akanimiminia chai, akaniuliza nilifanya kazi gani Mombasa. Kweli ni kwamba nilibeba magunia miezi mitatu, na papa pekee niliyewahi kumwona alikuwa amekufa, amelazwa kwenye mkokoteni. Lakini Zaina alikuwa nyuma ya pazia la mlango anasikiliza, na gunia si kitu cha kumpendeza msichana, basi mdomo ukasema wenyewe: "Nilikuwa nazamia bahari kuu, muzee. Kwenye papa."

Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikaeleza kwamba kule mbali huoni chini wala ukingo, ni buluu tupu, mara kivuli kinatokea na kukuzunguka, kinajiuliza wewe ni nini. Kwamba kumpa papa mgongo ni kosa, na kurusha miguu ni kosa kubwa zaidi. Kwamba unamtazama jichoni, unapumua taratibu, na moyo unakwenda mbio kwa hofu na kwa raha, hujui ipi ni ipi (haya nilikuwa nimeyasikia kwa baharia mmoja aliyekuja kunywa kahawa karibu na magunia yetu).

Mzee akaweka kikombe chini. "Mungu ndiye amekuleta. Mota ya boti yangu ilianguka kwa ziwa, mita sita tu. Na huku hakuna papa, kwako itakuwa muchezo."

Mota hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, kwa sababu barabarani watu walikuwa wanaviziwa na kila mwenye mzigo alipita ziwani. Nikakubali. Kuogelea, naomba mjue, sikujua.

Vifaa nilivipata kwa Pascal wa Buterere, aliyekuwa akizamia samaki wa rangi waliokuwa wakipelekwa Ulaya kwa ndege kufugwa kwenye vioo, na tangu vikwazo hakuna ndege iliyowachukua. Akanipangia chupa ya hewa, miwani, vazi la mpira na mkanda wa vyuma vizito, kila kimoja na bei yake. Mfanyabiashara gani analipia uzito? Nikausukuma mkanda pembeni.

"Utautaka huo, ndugu yangu," akasema Pascal.

"Apana. Mi nalipia vya kunishusha, si vya kunilemea."

Akanitazama kwa huruma, akapokea pesa.

Jumapili mchana, mbele ya ndugu zake Zaina na majirani, nikaingia majini na vazi langu la mpira na chupa mgongoni, nikainamisha kichwa, kichwa kikazama, sehemu nyingine, iliyobebwa na mpira, ikakataa. Nikajaribu tena, nikageuka kama chapati kwenye mafuta. Shangazi yake Zaina akauliza kwa sauti ya kufika mbali, "Kumbe hao papa ndio walikuwa wanapanda kumusalimia?"

"Wacha mutoto wa watu," akasema mzee. "Anapima maji."

Kunitetea kwake kuliniumiza kuliko kicheko. Mara ya nne na yeye akageukia pembeni, nami nikatoka, nikajaza mawe ndani ya vazi, kifuani na tumboni, nikarudi. Safari hii nilishuka, nikashuka mno, miwani na mrija wa hewa vikanitoka, maji yakaingia puani, kisha kitu kikanishika mguu. Nikakipa mgongo. Nikarusha miguu. Nikakipiga kisigino cha uso, na kitu kikanivuta hadi juu kikitukana kwa Kirundi: alikuwa Pascal, aliyekuja kwa baiskeli kwa sababu dhamiri ilimsumbua.

"Nilijua utaelea," akasema akishika pua. "Kuzama ndio sikutegemea."

Akanivua chupa, akaivaa na mkanda wake, akashuka na kamba, na punde tu mota ikavutwa juu.

Zaina akaja hadi nilipokaa, mbele ya wote. "We unajua kuogelea?"

"Apana."

"Mwaka huu tumezika wanne nyumbani, na hakuna mwenye alipenda kwenda. We unaenda mwenyewe, na mawe kwa kifua?" Akaanza kuyatoa mawe moja moja, analia, anayatupa majini kwa hasira. "Mi nilikuomba papa?"

Nikasimama nikamwendea baba yake. "Muzee, Mombasa nilibeba magunia. Papa nilimuona mumoja, alikuwa amekufa."

Mzee Rajabu akaiangalia mota inayochuruzika, akaniangalia mimi.

"Basi beba," akasema.

Nikaiweka begani, na kutoka ziwani hadi Nyakabiga sikuomba kupumzika hata mara moja. Tangu siku hiyo nikiulizwa kazi, natamka ile niliyoifanya, basi. Maji ya ziwa yalikuwa yananitiririkia mgongoni, na Zaina alitembea kando yangu, ameshika mwisho wa kamba iliyofungwa kwenye mota.