Nusu mtu kwenye shamba la mkonge

Jamani, nawaomba, msimwambie mtu hata neno moja. Bado niko kwenye majaribio kazini.

Leo programu niliyoandika imepanga wakata mkonge saba na nusu!

Meneja akaniuliza, "Kijana, huyu nusu anakata kwa mkono gani?"



Dada Zaina, mkuu wetu wa kompyuta, akaisoma programu yangu, akacheka. "Darasani namba nzima ni desimali pia, ndiyo maana umeiandika kama mtoto wa desimali. Ila kwenye programu mtoto anarithi yote ya mzazi, hata kukatwa nusu."

Akaziandika upya namba nzima na desimali kama ndugu, kila moja na uwezo wake. Watu wakarudi wazima.

"Huyu abaki kazini," akamwambia meneja, akinionyesha mimi.

Yule dada ana akili, acheni tu!

Msinipigie ofisini. Mkitaka kusikia zaidi, njooni saa ya chai, dirisha la nyuma, mgonge taratibu.