Jezi Ambayo Haikufuliwa

Ubishi ulianza kabla hata benchi hazijajaa. Ilikuwa Jumapili mchana, na wanachama wa tawi la mashabiki walikuwa wamekutana pale pale wanapokutana siku zote, uani, nyuma ya chumba cha kufulia cha klabu. Wanapapenda kwa sababu pana kivuli cha bati, pana bomba la maji, na pana mwenyeji asiyefukuza mtu. Mwenyeji huyo wanamwita Mama Sabuni. Amefua jezi za timu yao kwa miaka thelathini na moja, na Jumamosi inayofuata alikuwa anastaafu.

Siku hiyo hakuwa na haraka. Alikuwa anaanika jezi za mechi ya jana, moja moja, kwa mpangilio wake usiobadilika: kuanzia namba moja hadi ya mwisho, pindo juu, mabega chini, vibanio viwili kila jezi. Mtu akimsaidia akatanguliza namba tisa mbele ya namba nane, Mama Sabuni hasemi kitu. Anasubiri msaidizi aondoke, kisha anaanika upya.

"Profesa!" alifoka kinyozi, mwenyekiti wa tawi, mzee mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Nasema Profesa na sibadilishi! Yule alikuwa anapiga pasi, beki anabaki anatafuta mpira mfukoni mwake!"

"Mzee, pasi haziandikwi ubaoni," akajibu Waya, kijana fundi umeme, ambaye hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. "Radi alifunga mabao mia moja na kumi na mbili. Mia moja na kumi na mbili! Huyo Profesa wako alifunga mangapi? Au alikuwa anafundisha tu?"

Uani kote watu wakaangua kicheko, nusu wakashangilia na nusu wakazomea. Safari hii ubishi haukuwa wa kupitisha muda. Klabu ilikuwa imepiga plasta ukuta wa lango kuu, mchoraji alikuwa tayari na ndoo zake za rangi, na tawi lilikuwa limepewa heshima ya kuchagua sura moja tu ya kuchorwa pale: mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi nyeupe. Kinyozi alikuwa amesimamisha ubao mdogo dhidi ya ukuta na kupigisha kura. Profesa kumi na tano. Radi kumi na tano.

"Povu mnalotoa limezidi langu," alisema Mama Sabuni kutoka kwenye kamba, na wakacheka tena.

Aliyekuwa hacheki ni fundi cherehani, mdogo wa marehemu mume wa Mama Sabuni, ambaye ndiye hushona namba migongoni mwa jezi. Alikuwa amejikunja pembeni na karatasi, anaandaa risala ya kumuaga. Alikuwa amemsomea shemeji yake asubuhi ile, na sentensi moja aliirudia mara mbili kwa kuipenda: *Katika miaka thelathini na moja, Mama huyu hajakosea hata siku moja.*

Mama Sabuni alikuwa ameisikiliza sentensi ile akiwa ameshika beseni. Kitu kingine cha kujivunia hakuwa nacho. Hakuwa na cheti, hakuwa na picha ukutani ofisini, na mechi zenyewe alizisikia tu kupitia dirisha dogo, kwa sababu wakati timu inacheza yeye huwa anaandaa jezi za kipindi cha pili. Alichokuwa nacho ni jina safi. Watu walisema "safi kama mkono wa Mama Sabuni", na yeye akijifanya hasikii, lakini alikuwa anasikia na alikuwa anapenda. Na ni yeye peke yake aliyejua kwamba si kweli.

"Ngoja!" Kinyozi akapiga makofi. "Tupo thelathini na moja humu. Mama hajapiga kura."

"Mama hajawahi kutazama mpira, jamani," Waya akasema kwa upole wa kitoto. "Mnampa mtihani wa bure."

"Kura ni kura. Mama, Profesa au Radi?"

Mama Sabuni aliweka kibanio cha mwisho kwenye jezi ya mwisho. Angeweza kusema lolote na mambo yakaishia hapo. Profesa alikuwa kijana mwenye adabu. Radi naye alimletea sabuni ya kunukia kila mwaka mpya. Lakini aliangalia ule ubao wenye majina mawili, akawaza ukuta wa lango utakaokaa pale baada ya yeye kuondoka.

"Kumi na Nne," akasema.

Wakatazamana. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza, "Yule Goti?"

"Msimwite Goti. Ana namba. Kumi na Nne."

Walimkumbuka, lakini kwa shida. Kijana mwembamba aliyekuja msimu mmoja, miaka kumi na tisa iliyopita, akacheza mechi kumi na nne kama namba yake, akavunjika goti dakika ya ishirini ya fainali, akarudi kwao, asionekane tena. Kilichobaki kwa watu ni lile goti. Waya alijikuna kichwa akitafuta namna ya kupinga bila kumvunjia mtu mzima heshima.

"Mama yangu, mechi kumi na nne? Bao moja? Hata mimi siku hizo ningepata moja."

"Kaa chini nikueleze. Wewe hesabu yako ni mabao. Mimi yangu ni uchafu."

Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Tangu waanze kukutana pale hawakuwahi kumwona amekaa.

"Jezi inaniambia kila kitu," akasema. "Beki wa kati, tope lake liko kifuani na kwenye viwiko. Mlinda mlango, ubavuni. Radi wenu, mgongoni mwote, kwa sababu alikuwa hodari wa kujiangusha akitafuta penalti." Wafuasi wa Profesa wakapiga vigelegele. "Tulieni. Profesa naye, jezi yake ilikuja imevutwa shingo mpaka inamtosha ng'ombe, maana mabeki walimshika wakagoma kumwachia. Sasa akaja huyu kijana. Mechi ya kwanza, mvua, uwanja umekuwa uji. Nikatoa jezi kwenye gunia. Namba kumi na nne nyeupe. Ina jasho tu, tope hakuna. Nikasema huyu hakucheza. Mechi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Siku moja nikamkuta hapo bombani, nikamwambia, 'Baba, wewe umesajiliwa kukaa benchi?' Akacheka. Akaniambia, 'Mama, nimecheza dakika zote tisini.' Nikamwambia asinidanganye, mimi nilianza kufua jezi yeye akiwa bado mtoto. Akasema, 'Basi Alhamisi njoo uone.'"

Sasa hata waliokuwa wamesimama walikuwa wamekaa.

Alhamisi ile, siku tatu kabla ya fainali, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Alikuwa ameloweka seti nzima ya jezi nyeupe kwenye maji ya moto na ameshika gunia la soksi nyekundu, akitafuta beseni lake, aliposikia kelele za mazoezi zimeanza. Akamimina soksi kwenye beseni lililokuwa karibu bila kutazama, akatoka na mikono yake ya mapovu mpaka kwenye mstari wa pembeni. Alisema moyoni kwamba anasimama kidogo tu.

Kocha, mzee ambaye sasa ni marehemu, alikuwa amemweka yule kijana katikati na kuwaamuru mabeki wanne wamnyang'anye mpira. Kijana hakuwa na mbio za kutisha, wala hakuruka ruka wala kupiga madoido. Mpira ulikuja kwa kasi, ukafika mguuni pake ukatulia kama mtoto aliyefika kwa mama yake. Beki wa kwanza akateleza mzima mzima na tope likaruka, lakini kijana alikuwa ameshahama hatua moja, pale ambapo tope halikufika. Akaja wa pili kutoka nyuma. Hakumtazama, akageuka tu na yule mtu akapita. Wakaja wawili kwa pamoja. Mama Sabuni akafumba macho kwa hofu, na alipofumbua aliwaona wamegongana wao kwa wao na kijana amesimama kando yao, mpira chini ya wayo, anawauliza kama wameumia.

Mwanzoni wachezaji wengine walikuwa wanacheka. Baadaye wakaacha kucheka. Kocha alitia filimbi mfukoni. Mabeki wakaongezwa wakawa sita, na hao sita wakarudi wakiwa hawajulikani nani ni nani kwa tope, na katikati yao kulikuwa na fulana moja nyeupe inakwenda na kurudi, bila haraka, kama mtu anayetembea sebuleni kwake gizani na hagongi kiti. Mwisho mabeki wenyewe walisimama. Hawakuchoka. Walitaka kutazama.

"Nywele za mkono zilinisimama," Mama Sabuni akawaambia. "Nikajikuta nalia, na sijui nalilia nini. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani tope ni lazima. Kwamba ukiingia pale, unachafuka, basi, hata uwe nani. Kumbe kuna mtu anaweza kuingia na kutoka. Nilisema, Mungu wangu, kumbe uliweka na kitu kama hiki, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nasugua kola."

Fundi cherehani alikuwa ameacha kuandika.

"Nilisimama pale mpaka mwisho. Saa nzima na nusu. Mapovu yalinikaukia mikononi." Akavuta pumzi. "Niliporudi ndani, maji yalikuwa mekundu."

Ilichukua muda kidogo kabla hawajaelewa. Wa kwanza alikuwa kinyozi. Aliangalia fulana aliyovaa yeye mwenyewe, ambayo ilikuwa ya pinki.

Kila mtu pale anayo. Timu yao ni nyeupe, lakini fainali ile walicheza na jezi za pinki wakatwaa kombe, na tangu siku hiyo shabiki haendi fainali bila pinki. Kuna wimbo wake. Kuna watoto wamebatizwa jina la utani la Pinki. Na kila mmoja alijua sababu: ulikuwa ujanja wa kocha, akili kubwa, kuwachanganya wapinzani.

"Seti ya pili ilikuwa ya bluu," Mama Sabuni akasema, "na wapinzani nao walikuwa bluu. Nilisugua siku mbili. Nikatia dawa, nikatia limau, nikatia machozi. Ikagoma. Nikampelekea kocha nikiwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Akazitazama, akanitazama. Akasema, 'Mama, wewe hujui kitu. Mimi ndiye niliyeagiza.' Basi. Amekufa nayo, Mungu amrehemu, na mimi nilitaka kustaafu nayo."

Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Akatoa jezi ya pinki, namba kumi na nne mgongoni. Ubavu mmoja, kuanzia begani hadi kwenye pindo, ulikuwa na tope lililokauka, la rangi ya kahawia, limepasuka pasuka.

"Hii ndiyo siku aliyoanguka," akasema. "Niliusikia uwanja umenyamaza nikiwa mle ndani. Waliponiletea hii nikaisogeza kwenye maji, nikairudisha. Nikaisogeza tena, nikairudisha. Miaka thelathini na moja, jezi pekee ambayo sikuifua ni hii."

Akaikunja vizuri, tope ndani, na kumgeukia shemeji yake. "Sasa ile sentensi yako ifute. Nilikosea. Nimeifulia timu hii tangu nina meno yote, na wamepita wachezaji wazuri wengi, na hakuna hata mmoja aliyenisahaulisha nguo isipokuwa yeye. Hiyo ndiyo kura yangu."

Waya alikuwa wa kwanza kusimama. Kila mtu alidhani anakwenda kubisha. Alifika ubaoni, akachukua chaki, akaandika 14 chini ya yale majina mawili, akaweka mstari mmoja. Kisha akatia mate kidole na kufuta mstari mmoja upande wa Radi, akauhamishia chini.

Kinyozi hakuutazama ubao. Alikuwa bado anaitazama jezi. Ameshabikia timu hii miaka arobaini na tano, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka ndogo.

"Mama. Ile fulana ya Alhamisi. Ilirudi safi kweli?"

"Aliivua akanipa mkononi. Ningeweza kuikunja nikaiweka kabatini."

"Kwenye tope lile? Watu sita?"

"Watu sita, baba."

Kinyozi akavua kofia na kuiweka magotini. Wakakaa hivyo, watu thelathini na mmoja, wanaangalia ukuta ambao nyuma yake kuna uwanja, kana kwamba yule kijana angali anazunguka kule na mpira wake. Fundi cherehani ndiye aliyesogea kwenye mwanga, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika nyingine taratibu, akiinong'ona kadiri anavyoandika: *Katika miaka thelathini na moja alikosea siku moja, na sisi sote tumelivaa kosa lake mpaka leo.*