Siku Mama Mkwe Alipolia Kitale

Mume wangu alikufa Burma, lakini mimi sikuruhusiwa kuwa mjane. Nikiwaeleza wajukuu jambo hili hutazamana na kucheka, wakidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Haya, wacheke. Habari ya kifo ililetwa nyumbani, upande wa Myanga, na tarishi wa chifu ambaye hata baiskeli yake hakuiegesha. Alisema serikali inasikitika. Kisha akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Baba mkwe alikataa. Hakupiga kelele, alikataa tu. Aliuliza ni nani aliyemwona akifa, ni nani aliyemfumba macho, na kaburi liko wapi. Sikumwona kuwa mkatili wakati ule, wala simwoni hivyo leo. Katika vita vya kwanza, vile vya kubebeshwa mizigo, kijana wa jirani alililiwa, ndugu zake wakanyoa nywele, halafu akarudi kwa miguu yake mwenyewe kutoka Tanganyika. Wazee walimzuia nje ya ua mpaka atakaswe, kwa sababu walikwisha kumwita marehemu. Hakumaliza mwaka. Tangu hapo mzee aliamini kwamba kumlilia mtu aliye hai ni kumuua. Mwanawe yuko safarini, basi. Kila mwaka aliezeka upya nyumba yetu, nami nikakaa ndani yake nikiwa mke wa msafiri.

Kwetu mke wa mwana hazungumzi ana kwa ana na baba mkwe, kwa hiyo aliyenisemea ni mama mkwe. Naye alikuwa akijisemea mwenyewe. Alimsihi mumewe amwache alie mara moja tu, kisha anyamaze maisha yake yote. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini hawakusema wazazi wawili wakitofautiana juu ya uchungu huo nani atashinda. Mzee alishinda. Mama akawa anapalilia, anapika, anakwenda kanisani, macho makavu kama jiwe la kusagia. Mimi nilikuwa namwogopea.

Vita vikaisha. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, chifu alituma neno kwamba wale ambao vijana wao hawakurudi wapande lori waende Kitale, serikali inataka kuwakumbuka. Mzee hakwenda, ila hakutukataza. Ndani ya lori mama mkwe alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Serikali ndio ilimchukua, na sasa imeweka matanga. Nikilia huko, si mimi nimeanza. Ama namna gani?"

Nilimwambia ni kweli. Sikumbuki kama nilimwona na uso ule tena, uso wa mtu anayekwenda kutua mzigo.

Kitale kulikuwa na baridi. Masetla walisimama mbele na wake zao, kila mmoja ana ua jekundu la karatasi kifuani. Sisi tulipangwa nyuma yao, tukazungukwa na maaskari kana kwamba tungekimbia. Mkalimani alipanda juu ya sanduku. "Nyinyi wote sikia! Tarumbeta ikilia, watu yote nanyamaza dakika mbili. Tunakumbuka wale walikufa, na tunaomba amani ya dunia mzima. Hakuna mtu kusonga!"

Tulielewa kunyamaza, ila kwa njia yetu. Kwetu matanga ni kelele. Mtu huanza kulia angali njiani, na akifika uani hulia zaidi, wasije wakasema amefurahi. Umati huo wote ukinyamaza ghafla, sababu ni moja tu: unampisha mama wa marehemu. Zamu yake imefika.

Tarumbeta ikalia. Kofia zikavuliwa. Mama alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaweka mikono kichwani akalia. Jamani, alilia! Alimwita mwanawe kwa ukoo wake, kwa rika lake la tohara, kwa rangi ya fahali aliyemchunga alipokuwa mdogo. Kule mbele hakuna aliyegeuka. Nilifungua kinywa nimwitikie, kama mke wa mwana anavyopaswa, lakini mkalimani alikwisha kunikamata bega. Askari alikuja mbio akamziba mama mdomo kwa kiganja. Alikuwa kijana wa kwetu kabisa, na alimwambia kwa lugha yetu, "Nyamaza, mama, nakuomba. Watanifukuza kazi." Akamburuta hadi nyuma ya lori.

Mzungu mmoja mwanamke, mbele yangu kidogo, mabega yalikuwa yakimtetemeka. Naye alikuwa na marehemu wake, bila shaka. Alijua kulia bila sauti. Sisi hatukufundishwa.

Baadaye bwana mkubwa alisema mengi juu ya amani ya dunia. Niliwachukia wote, siwezi kusema vingine. Amani gani hiyo inayomwogopa mwanamke mmoja anayemlilia mwanawe? Nilimkuta mama akimuuliza mkalimani, "Si mlinyamaza? Si mlinipisha?"

"Hii si matanga, mama," akajibu. "Imeisha. Panda lori."

Nyumbani habari ilitutangulia. Mzee alichinja kondoo ili kumtakasa mwanawe na kilio kile, na tangu siku ile hakula chakula kilichopikwa na mkewe. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Sisi tulikuwa wengi pale Kitale, na harusi hatukuiona.

Mama mkwe hakuishi sana baada ya hapo. Alipokuwa kitandani, siku moja nikimnywesha uji, alisukuma bakuli akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Nikifa utanililia?"

"Nitakulilia, mama."

"Basi humo humo mlilie na yeye. Kwa kaburi yangu hakuna mtu atakufunga mdomo."

Ndivyo nilivyofanya. Udongo ulipoanza kumwagwa nilimlilia yeye, kisha nikamwita mume wangu kwa sauti niliyoificha miaka yote ile. Wanawake walisita, kisha wakaitikia mmoja mmoja, mpaka ua mzima ukawa unawalilia watu wawili.

Mzee akainuka. Nilijua anakuja kunikomesha, na niliapa moyoni kwamba safari hii watanizika pamoja na mama kabla sijanyamaza. Hakunitazama. Alimwita shemeji yangu, akamtuma nyumbani kwangu akalete koti la kaka yake. Kwetu mjane huvaa nguo ya marehemu.

"Mvalishe," akasema.

Shemeji aliniweka lile koti mabegani. Ndipo mzee akaketi chini, pale pale kwenye udongo mbichi, akaanza kumwita mwanawe.