Gunia Moja, Wanyama Watatu

Shangazi yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Nilipozaliwa, kijijini kwetu karibu na Kalenga, alikuwa ameniwekea jina la marehemu mama yake, lakini baba akaenda kanisani akanibatiza lingine bila kumuuliza. Ugomvi wao waliumaliza kwa kuchinja mbuzi. Mimi ndiye niliyebaki na ugomvi huo. Nikimwamkia, "Shikamoo shangazi," anajibu, "Marahaba, wewe." Akikasirika, naitwa "huyo wa baba yake". Iliniuma, maana mtoto wa baba mkubwa, tuliyelingana naye umri, aliitwa kwa jina lake asubuhi hadi jioni, mpaka kuku walilijua.

Katika miaka ya sabini, nikiwa sekondari ya wasichana Iringa mjini, mwalimu wetu wa utamaduni akaanzisha kikundi cha ngoma ya wanyama. Kila mmoja achague mnyama wake, ajishonee ngozi ya gunia, na akishaivaa asiitwe tena jina la nyumbani. Ukitaka kubadili, unasimama mbele ya kikundi, unaeleza sababu, na wanaokubali wanalia kila mtu kwa sauti ya mnyama wake. Tembo wetu akilia, hata waliokataa walionekana wamekubali.

Nikaona mlango umefunguka. Nikijipatia jina kubwa, shangazi atalitumia tu, hata kwa bahati mbaya.

Nilianza na Chui. Nikachora madoa kwa masizi ya sufuria, na likizo ilipofika nikaenda kumtangazia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Chui," akasema. "Na jogoo yangu unamkimbiaga."

Chui alifia Ilula. Tulialikwa kucheza kando ya barabara kuu, manyunyu yakaanza katikati ya ngoma, masizi yakatiririka mpaka kwenye soksi. Kina mama wauza nyanya wakashangilia, "Fisi! Fisi huyo!" Mmoja akanipa nyanya, akisema fisi naye ana njaa. Niliila, lakini kwa hasira.

Nikasimama mbele ya kikundi. Sababu: mvua. Wakalia, nikawa Twiga. Gunia lilikuwa lile lile, nikaongeza shingo ya mwanzi. Kwa kimo changu, shingo ilikuwa ndefu kuliko mwenye shingo. Siku ya mahafali ikanasa kwenye kenchi za paa la ukumbi, ngoma ikaendelea mpaka mwisho nikiwa nimesimama pale pale kama nguzo ya simu. Shangazi aliposimuliwa alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akauliza, "Na wewe ukasimama tu?"

Sababu ya pili: kenchi. Wakalia tena. Safari hii nililifua gunia, nikapaka madoadoa meupe ya chokaa, nikawa Mbawala. Huyu alinifaa: mdogo, mwepesi, ana haya. Katika ngoma, wawindaji humchoma mkuki, humbeba, humtia chunguni na kumla wakiimba. Mwindaji mkuu alikuwa yule mtoto wa baba mkubwa, naye akisoma pale pale.

Hapo nikafanya kosa ambalo nje ya Uheheni hakuna ambaye angeliona. Kwetu kila ukoo una mwiko wake, mnyama wasiyemla. Wetu ni mbawala. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilidhani mwiko ni habari ya chakula. Sikufikiri kwamba safari hii chakula ni mimi. Siku ya wazazi, mtoto wa baba mkubwa alipoupeleka mguu wangu mdomoni, shangazi aliingia uwanjani na kanga mkononi, akiwafukuza wawindaji kama kunguru kwenye mahindi.

"Acheni! Huyu sisi hatumlagi! Meno itawatoka yote!"

Mkuu wa shule akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya mchezo.

Mwalimu akamvuta shangazi pembeni, wakapatana: nitabaki Mbawala, ila sitaliwa, wawindaji watakosa shabaha. Shangazi hakuiamini ahadi ile hata kidogo. Tulipokwenda mashindanoni Mbeya kwa lori la shule alipanda nasi, akakaa juu ya ngoma kubwa, kajifunika blanketi, na njia nzima hakuniambia neno zaidi ya "wewe, sogea".

Ukumbini mwindaji mkuu alipouona umati, makubaliano yote yakamtoka kichwani. Mkuki wa mwanzi ukanipata mbavuni sawasawa, nami kwa mazoea nikaanguka, nikafa vizuri kabisa. Wakaanza kunibeba kuelekea kwenye chungu. Ndipo sauti ikatoka viti vya mbele:

"Mbawala! Amka! Kimbia, Mbawala, kimbia mwanangu!"

Niliamka. Nikawapita waamuzi, nikatokea mlango wa nyuma, sikusimama mpaka kwenye lori, nikilia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kufurahi vile tena.

Tukawa wa mwisho. Waamuzi walisema mzoga hauamki. Tuliporudi Iringa kikundi kikaona jina langu lina mkosi, na mwalimu akaniita mbele nichague lingine. Yeye alipendekeza Sungura. Nikasema sibadili. Wakataka sababu, kama kanuni ilivyo.

"Nina mtu ananiita," nikasema.

Tembo ndiye aliyelia wa kwanza.