Vyura kwenye Kitambaa Cheupe

Walimwita Mama Vyura, na mwanzoni walimwita hivyo kwa kumcheka. Kila msimu wa mvua alisimama katikati ya barabara inayopita kando ya hifadhi, mabuti ya mpira miguuni, akizuia magari ili vyura wavuke kwenda bwawani kutaga. Madereva walimpigia honi mpaka masikio yakamziba. Hakubanduka. "Haya, wakanyage," aliwaambia, "halafu usiku mbu wakikubeba kitanda na godoro, usinililie mimi."

Kwa miaka kumi na tisa, akiwa mfanyakazi wa hifadhi, alilitunza bwawa lile, kwenye kipande cha msitu kilichobakizwa katikati ya majengo. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kuinama na kutazama. Alijua viota vimefichwa kwenye matete yapi, na alimjua ndege mmoja, yangeyange mwenye mguu mbovu, aliyekuja kula karibu naye bila woga.

Halafu akaja meneja mpya wa hifadhi. Wengine waliona bwawa. Yeye aliona mkahawa. Ikajengwa sakafu ya mbao juu ya maji, zikaletwa meza, na uzinduzi ukapangwa Jumamosi.

Ijumaa asubuhi Mama Vyura alimkuta mpuliza dawa kando ya maji, anajifunga bomba mgongoni.

"Kaka, hiyo ya nini?"

"Ya mbu, dada. Meneja hataki wageni wakae wanajipiga makofi."

Mama Vyura akalichukua kopo la dawa, akavaa miwani, akasoma maandishi madogo kwa sauti: isitumike karibu na maji yenye viumbe hai. Mpuliza dawa akakuna kichwa. "Mimi natumwa tu."

Mama Vyura akaenda ofisini na tope lake miguuni.

"Bosi, hiyo dawa itaua bwawa zima."

Meneja hakuinua macho kwenye simu. "Mama, wageni hawaji kuangalia vyura."

"Lakini hao vyura ndio wanaokula mbu!"

"Basi sasa watapumzika." Akajichekea mwenyewe.

Mama Vyura aliomba karatasi, akaandika malalamiko yake palepale, amesimama. Meneja akaipokea, akaweka kikombe cha chai juu yake. Mchana ule bwawa likapuliziwa dawa.

Jumamosi alijua akiwa bado getini. Hakukuwa na sauti hata moja. Vyura walielea matumbo juu. Viluwiluwi walikuwa wamegandamana kwenye matete kama mbegu za tikiti zilizotemwa. Yule yangeyange alikuwa ukingoni anatetemeka, bila shaka alishawala. Akafia mikononi mwake kabla hawajafika kwenye banda la zana.

Hakulia. Alichukua ndoo, akaanza kuokota, na kila aliyemwokota alimhesabu.

Adhuhuri wageni walikuwa wameketi mbele ya vitambaa vyeupe. Alipita katikati yao na ndoo kichwani, akafika meza ya mbele, akaimimina yote mbele ya meneja.

"Karibuni," alisema. "Hiki ndicho kilichopikwa hapa jana."

Viti vilianguka. "Wewe mama una wazimu?" meneja alifoka.

"Ninao! Na wewe ndiye uliyenitia!"

Mmoja wa wageni, mwanamke wa idara ya afya ya jiji, hakukimbia. Aliuliza taratibu, "Maji haya yanakwenda wapi?"

"Kwenye mfereji," Mama Vyura akajibu, "na mfereji unapita kwenye visima vya mtaa wa chini."

Hapo mpuliza dawa akajitokeza nyuma ya jiko, kopo tupu mkononi. "Nilitumwa," alisema, "lakini dada huyu alinisomea maandishi haya. Nilisikia mwenyewe."

Wiki ile ile visima vilifungwa ili vipimwe, na mkahawa ukafa kabla haujauza kikombe. Meneja alihamishiwa makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia. Mama Vyura akaletewa barua ya onyo: kuharibu kitambaa cha ofisi.

"Si umeshinda, mke wangu?" mumewe, fundi cherehani, alimwambia bila kusimamisha mashine. "Saini, yaishe."

"Nimeshinda nini? Yeye kapandishwa, mimi naonywa kwa ajili ya shuka la meza! Yaishe vipi?"

Hakusaini. Pale pa kutia saini aliandika: vyura mia nne na kumi na mmoja, yangeyange mmoja. Akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Ikabanduliwa. Akaandika nyingine, kwa herufi kubwa zaidi.

Ilichukua miaka miwili bwawa kuanza kuwa na sauti tena, sauti chache za kuhesabika. Watoto wa shule wakiletwa kutembea, huwaeleza yote, hatua kwa hatua, nani aliamuru na nani alinyamaza. Walimu humwomba apunguze ukali kidogo. Hapunguzi.