Mashavu Yangu Yalimtetea Mume

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningependa niisahau. Nilikuwa nimetoka Moa, nilikoolewa, nimekuja kwetu Pangani kumwambia mama kwamba sitaki tena kurudi kwa mume. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu ndani ya basi.

Shangazi yangu alinipokea barazani. Kabla sijavua ushungi akanishika mkono, akauminya, akacheka kwa furaha.

"Ndoa imekukubali," akasema. "Mwali tulimtoa hapa kama ufito, mtazameni leo. Huyo mume apewe mkono."

Majirani wakatoka kunitazama. Mmoja akanizungusha.

Nami nilikuwa nimenenepa kweli, sikatai. Lakini nilijua unene ule umetoka wapi. Mume wangu, Mungu amsamehe maana mimi bado, alikuwa na tabia ya kususa. Nikimpakulia, anaisogeza sahani bila neno, anavaa kanzu, anakwenda kula kwa watu. Mwezi mzima unaweza kwisha hajanisemesha. Mimi nililelewa kwamba kumwaga chakula ni dhambi, basi nakula changu, kisha nakula na chake. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, peke yangu jikoni, machozi yakinitoka. Hivyo ndivyo nilivyonawiri.

Tulipobaki wawili chumbani nilimweleza mama yote. Alinisikiliza, lakini macho yake yalikuwa mwilini mwangu.

"Kwa mashavu hayo, mwanangu, nitamwambia nani akaniamini? Watu watasema umekinai."

Kesho yake nikarudishwa Moa, na kikapu cha madafu cha kumshukuru mkwe kwa kunitunza. Nilikibeba mwenyewe.

Miaka ikapita. Kisha nikaugua homa ya matumbo, nikakonda mpaka mifupa ya shingo ikatokeza. Habari zilipofika Pangani, wazee wetu walikuja bila kuitwa, wakamkalisha mume wangu, wakamuuliza mtoto wao ananyimwa nini. Talaka ikatoka alasiri ile ile. Na nikuambie ukweli, siku zile za ugonjwa ndizo pekee alizowahi kuninywesha uji kwa mkono wake. Walimhukumu kwa kosa asilolifanya, na lile alilolifanya hakuna aliyemuuliza hadi leo. Niliondoka Moa nikiwa huru, lakini ujana wangu nilikuwa nimeshaumaliza kule. Mama amekwishafariki na uchungu huu bado ninao.

Siku hizi nawasikia nyinyi mmegeuza. Mnapima viuno, mnakunywa machai ya kupunguza tumbo ili waume watulie. Ni upuuzi ule ule, mwanangu. Mwili hunenepa kwa furaha, hunenepa kwa huzuni, na ukikonda pia usikimbilie kumlaumu mtu.

Basi binti yako akija kukuamkia, itikia shikamoo yake, funga mlango, umuulize: mnazungumza? Mnakula pamoja? Akikujibu, mtazame usoni, na umwamini hata kama bangili hazimpiti mkononi.

Mola akujaalie mwenzio wa kula naye sahani moja. Na asipokujaalia huyo, akupe mama atakayekusikia ungali mnene. Amina.